KUTOKA UTE WA YAI HADI UDONGO: HISTORIA FUPI YA KUNG'ARISHA MVINYO

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wameandika habari za mizani, za maghala, na za viongozi waliotangulia. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeona yafaa kuandika historia ya jambo moja ambalo wengi wetu hatulioni, maana hufanyika ndani ya tangi baada ya zabibu zetu kwisha kukamuliwa. Jambo hilo ni kung'arisha mvinyo.

Sababu ya kulichagua ni hii. Katika miaka ya karibuni wanunuzi kadhaa wa mchuzi wetu wa zabibu wametuuliza swali ambalo hapo zamani halikuulizwa: "Je, mchuzi huu umesafishwa kwa kitu cha mnyama?" Swali hilo liliposomwa katika mikutano ya vyama vya msingi, baadhi ya wanachama walicheka. Mnyama na zabibu wapi na wapi? Zabibu ni tunda, mvinyo ni maji ya tunda, mnyama ameingiaje? Lakini aliyeuliza hakukosea. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili mnyama ameingia katika mvinyo kwa mlango wa nyuma, na mara nyingi mnywaji hakuambiwa.

Ukungu watoka wapi

Zabibu zikikamuliwa, hamira iliyo katika maganda na katika chombo huanza kuila sukari na kuigeuza kuwa kileo. Kazi hiyo ikiisha, mvinyo hauwi maji maangavu. Ndani yake mna hamira iliyokufa, vipande vidogo vya maganda na nyama ya tunda, protini za zabibu yenyewe, na kile kitu kiletacho ukakasi mdomoni, ambacho wataalamu hukiita tanini. Vile vizito huzama vyenyewe na kuwa mashapo. Vile vyepesi huelea, na vingine havionekani kabisa mpaka chupa ipate joto. Ndipo mvinyo uliouzwa ukiwa safi huanza kufanya utando kama maji ya mchele.

Mkulima mwenye subira na mapipa ya kutosha aweza kungoja. Mvinyo ukikaa mwaka mmoja au miwili mahali pa baridi, ukihamishwa polepole kutoka pipa hadi pipa na mashapo kuachwa nyuma, hung'aa wenyewe, au karibu ung'ae. Lakini kungoja ni gharama, na tangi lililojaa mvinyo wa mwaka jana halipokei mavuno ya mwaka huu. Kwa hiyo tangu kale watu walitafuta kitu cha kutia ndani, kikashikamana na uchafu ule mwepesi, kikawa kizito, kikazama nao. Baadaye mvinyo safi huvutwa kutoka juu, na mashapo hutupwa.

Tufahamu vema jambo hilo, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yote. Kitu hicho hakitiwi ili kiliwe, bali kitende kazi na kuondoka. Ndiyo maana watengenezaji wengi waliona hakuna haja ya kukitaja.

Yai, samaki, maziwa na damu

Warumi walilijua yai. Mshairi wao Horace, aliyefariki mwaka wa 8 kabla ya Kristo, anataja katika moja ya tungo zake matumizi ya yai la njiwa kukusanya tope la mvinyo. Katika nchi ya Bordeaux, huko Ufaransa, desturi hiyo ilidumu na ingali ipo: pipa moja la lita 225 hutiwa ute wa mayai matano au sita, uliopigwa kidogo bila kufanywa povu jingi. Ute ni protini, na protini na tanini hupendana. Hushikana, hufanya nyuzinyuzi, na kuzama. Mvinyo mwekundu uliokuwa mkali hulainika.

Wengine walitumia samaki. Baadhi ya samaki wana mfuko wa hewa tumboni, ambao kwetu katika Ziwa Viktoria huitwa bondo. Bondo likikaushwa na kulainishwa kwa asidi, huwa utomvu mwepesi ung'arishao mvinyo mweupe na bia kwa upole sana. Kwa muda mrefu bondo bora lilitoka kwa samaki wakubwa wa Urusi, na bei yake ilikuwa juu. Mwaka 1795 William Murdoch, fundi wa Kiskoti, alionyesha kuwa samaki wa bahari za kaskazini wa bei nafuu aweza kufanya kazi ile ile, na wapika bia wa London wakafurahi. Katika zama zetu hizi hata mabondo ya sangara wa Ziwa Viktoria yameingia katika biashara hiyo, ingawa mengi zaidi huenda Mashariki ya Mbali kuwa chakula. Basi huenda mvinyo wa ng'ambo uliokaa mezani katika mji wetu uling'arishwa kwa samaki aliyevuliwa Mwanza, wala hakuna aliyejua.

Maziwa nayo yalitumika. Protini ya maziwa ikiingia katika mvinyo, ambao una asidi, huganda papo hapo kama mtindi, na katika kuganda huko huchukua rangi ya kahawia na harufu mbaya ya mvinyo mweupe uliopigwa na hewa. Kisha ikaja jelatini, ipatikanayo kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Ina nguvu na ni rahisi, nayo ilienea katika viwanda vingi.

Mwisho ni damu. Damu ya ng'ombe, mbichi au ya unga, ilitumika katika nchi za Ulaya ya kusini kung'arisha mvinyo mwekundu, na watu wa huko hawakuona ajabu. Lakini ulipozuka ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, serikali ziliamka. Mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku kabisa unga wa damu katika kazi ya mvinyo. Ilitakiwa hofu ya ugonjwa ndipo jambo la kale litazamwe upya.

Watu wenye mwiko wao

Lakini walikuwapo watu waliohoji mapema zaidi, si kwa hofu ya ugonjwa bali kwa sababu ya dhamiri. Mwaka 1847, katika mji wa Ramsgate huko Uingereza, kiliundwa chama cha watu wasiokula nyama. Karibu miaka mia moja baadaye, Novemba 1944, vita vikiwa bado havijaisha, mwalimu wa useremala aitwaye Donald Watson na wenzake wachache walikwenda mbele zaidi. Walisema kwamba mtu asiyekula nyama lakini anakula mayai na kunywa maziwa bado anaishi kwa jasho la mnyama. Wakaunda chama chao na kujipa jina jipya, ambalo kwa matamshi yetu ni vegani. Hao hawali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na hawapendi kuvaa ngozi.

Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Sisi twaomba jambo hili lifikiriwe kwa upole. Katika koo zetu nyingi kuna miiko. Huyu hali nyama ya mnyama fulani kwa kuwa babu zake hawakuila. Yule hali samaki. Tena Chama chetu kina wanachama wengi wanaolima zabibu kwa bidii lakini hawaonji mvinyo kwa ajili ya dini yao, na hakuna anayewadharau. Mgeni akifika nyumbani, nasi tukijua mwiko wake, kisha tukamtilia katika mchuzi wa chakula kile asichokula na kunyamaza, je, tumemkaribisha au tumemdhulumu? Hata kama hatauona mnofu, hata kama umeondolewa sufuriani kabla ya kupakua, yeye alituamini.

Hivyo ndivyo wanavyosema wenye mwiko huu. Hawadai kwamba ute wa yai umebaki katika chupa. Wanadai kuambiwa kilichotumika, ili wachague wenyewe.

Udongo waingia kazini

Dawa ya jambo hili ilipatikana mahali pasipotazamiwa. Huko Wyoming, Marekani, kuna udongo laini uliotokana na majivu ya volkano za kale. Ukitiwa maji huvimba na kuwa kama uji mzito. Mwaka 1898 mtaalamu wa miamba aitwaye Wilbur Knight aliupa jina la bentonaiti. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa California, miongoni mwao Saywell, walionyesha kwamba udongo huo wafaa kung'arisha mvinyo, na tangu hapo umeenea duniani kote.

Kazi yake ni kinyume cha kazi ya yai. Yai ni protini iendayo kuikamata tanini. Udongo huikamata protini. Chembe za udongo huu na protini za zabibu huvutana kama sumaku, na zikishikana huzama. Ndiyo maana ni dawa nzuri hasa kwa mvinyo mweupe, ambao shida yake kubwa ni ule utando utokeao chupa ikipata joto. Kwa sisi wa nchi ya jua kali, ambao chupa zetu husafiri katika malori ya moto, hiyo si faida ndogo.

Kanuni zake si ngumu. Udongo huloweshwa kwanza katika maji kwa saa kadhaa mpaka uvimbe, kisha huchanganywa polepole na mvinyo. Kiasi cha kawaida ni gramu 50 hadi 100 kwa kila lita 100, lakini mtaalamu mwangalifu hujaribu kwanza katika chupa ndogo. Baada ya kujaribu, huupasha moto mvinyo kidogo hadi nyuzi 80 za sentigredi kwa saa chache, akaupoza na kuutazama kwenye mwanga. Ukibaki mwangavu, kiasi kimetosha. Ukifanya ukungu, huongeza. Akizidisha, udongo huondoa na harufu nzuri pia. Tena mashapo yake ni mengi, na kila lita iliyobaki katika mashapo ni lita isiyouzwa. Kila kitu kina bei yake.

Udongo peke yake hauwezi kulainisha ukakasi wa mvinyo mwekundu. Kwa kazi hiyo wataalamu wamegeukia mimea. Mwaka 2005 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu protini zitokanazo na mimea, kama vile njegere, na baadaye protini ya viazi nayo ikakubaliwa. Hizi hufanya kazi ya yai pasipo yai. Na juu ya yote ipo ile njia ya wazee, ya kungoja: mvinyo uliotulia wenyewe na kuhamishwa kwa uangalifu hauhitaji yai wala udongo.

Ushirika na kauli ya kweli

Wanachama wataona kwamba habari hii si ya mapishi tu, bali ni ya uaminifu katika biashara. Na hapo historia ya mvinyo yakutana na historia ya ushirika.

Tarehe 21 Desemba 1844, wafumaji wa Rochdale walifungua duka lao dogo katika njia ya Toad Lane. Walikuwa wamechoshwa na wenye maduka waliopunja mizani na kuchanganya unga na vitu visivyo unga. Nguvu yao haikuwa fedha, maana hawakuwa nazo. Nguvu yao ilikuwa kwamba unga wao ulikuwa unga.

Wakulima wa zabibu hawakuchelewa kufuata njia hiyo ya kuungana. Mwaka 1868 wakulima wa Mayschoss, katika bonde la mto Ahr huko Ujerumani, waliunda chama chao cha mvinyo, ambacho huhesabiwa miongoni mwa vya kwanza duniani. Mwaka 1901 wakulima wadogo wa Maraussan, kusini mwa Ufaransa, waliungana na kuuza mvinyo wao moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya walaji wa Paris. Wakati huo bei ya mvinyo ilikuwa imeanguka, na wakulima wa kusini walilaumu hasa mvinyo wa uongo uliofanyizwa kwa maji na sukari. Mwaka 1907 wakulima kwa mamia ya maelfu waliandamana katika miji ya kusini, damu ikamwagika, na mwezi wa Juni mwaka huo serikali ikapitisha sheria kali dhidi ya mvinyo wa bandia. Chama cha Maraussan kiliweza kustahimili kwa sababu mnunuzi wake alijua mvinyo umetoka kwa nani.

Fundisho tulipatalo ni kwamba mkulima mdogo hawezi kumshinda tajiri kwa wingi wa mali wala kwa matangazo. Awezalo ni kusema ukweli wote juu ya mali yake na kuuthibitisha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sheria za leo haziwezi kutufanyia kazi hiyo. Katika Ulaya, tangu mavuno ya mwaka 2012, mvinyo ambao bado una mabaki ya yai au maziwa yaliyotumika kuusafisha ni lazima uandikwe hivyo, kwa ajili ya wenye mzio. Tangu tarehe 8 Desemba 2023 viungo vyote vya mvinyo mpya vyapaswa kutajwa. Lakini kitu kilichotiwa na kuondolewa, kama bondo la samaki, bado chaweza kunyamaziwa. Ndiyo sababu chama kile cha mwaka 1944 kilianzisha mwaka 1990 alama yake ya biashara, ambayo mtengenezaji hupewa baada ya kueleza kila kitu alichotumia.

Nasi twasimama wapi

Zabibu zilianza kushika mizizi Dodoma katika miaka ya 1950 kwa mikono ya wamisionari wa Kiitalia, kisha wakulima wa vijiji wakazichukua. Nchi hii kame imetujalia neema ambayo nchi nyingi za mvinyo hazina: twavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini neema hiyo huleta haraka. Matangi hujaa mapema, na mwenye haraka hushawishika kutumia dawa yoyote iliyo karibu bila kuandika alichotumia.

Katika Mkutano Mkuu ujao wanachama wataombwa kuamua namna ya kung'arisha mchuzi katika matangi ya Chama. Tumesikia hoja za pande zote. Wafugaji wa kuku wanasema mayai ni mali yetu wenyewe, ilhali udongo ni wa kununua kutoka nje. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini hesabu ya lita 1,000 kwa kipimo cha Bordeaux ni mayai kama ishirini na matano tu. Soko hilo halitamtajirisha mfugaji, na laweza kumfungia mlango mnunuzi mzima.

Wengine wameuliza habari ya samadi. Mashimo yetu ya mizabibu hujazwa samadi ya ng'ombe, na bila hiyo udongo wetu hauzai. Je, wenye mwiko watakataa zabibu zenyewe? Jibu ni kwamba alama nyingi hutazama kilichotumika katika kutengeneza mvinyo, si mbolea ya shambani, ingawa wapo wachache wakali zaidi. Tusiwadanganye hao. Tukiulizwa, tuseme: samadi tunatumia. Vilevile tukumbuke vitu vidogo: gundi ya karatasi za chupa yaweza kuwa ya maziwa, na nta ya kufunikia kizibo yaweza kuwa ya nyuki. Mwenye kudai usafi hukaguliwa mpaka ukucha.

Kwa maoni ya ofisi yetu, njia ifaayo ni hii. Mchuzi mweupe ung'arishwe kwa udongo, baada ya kujaribiwa katika chupa kila msimu. Mchuzi mwekundu upewe muda, na ukihitaji kulainishwa, itumike protini ya mmea. Na kila tangi liwe na daftari lake: tarehe, kilichotiwa, kiasi chake, na jina la aliyekitia. Daftari hilo liwe wazi kwa mwanachama yeyote na kwa mnunuzi yeyote. Wanachama wakiamua kutumia mayai, uamuzi huo nao tutauheshimu, ila daftari liseme mayai.

Miaka kumi iliyopita mali yetu pekee ilikuwa zabibu ambazo zingeoza zisiponunuliwa, na kila mkulima alisimama peke yake mbele ya mnunuzi, naye mnunuzi ndiye aliyesema bei. Leo tuna mizani yetu, hesabu zilizokaguliwa, na jina ambalo wanunuzi wanalijua. Jina hilo ni akiba kuliko akiba yote iliyomo benki, nalo huvunjika upesi kuliko chupa. Haba na haba hujaza kibaba; na katika daftari la tangi, neno moja la kweli kila msimu ndilo litakalojaza kibaba chetu katika miaka kumi ijayo.

Ndugu wanachama, twawatakia mavuno mema. Ushirika udumu.